Siku Ulipomvua Mama Yako Barakoa

Wewe Cheche,

Mwanamume mzima, wa kuingia ndani ya tangi na moto wa kuchomelea mkononi, umemvunja mtu taya halafu unajificha kwa rafiki yako kama panya aliyeiba sabuni. Huna haya. Haya, salamu zako hizi hapa, maana mimi nililelewa: u mzima? Mkono uliopigia umepona? Mimi bibi yako nipo, magoti yananiuma, mdomo haujambo.

Sasa keti usome. Mama yako, binti yangu, ana ugonjwa unaokula ngozi ya mishipa ya fahamu. Hilo unalijua, umembeba mara ngapi kwenda chooni. Usilolijua ni kwamba yule mtaalamu wa mazoezi hakuwa akimnyonga. Humvisha barakoa, humpa hewa yenye oksijeni kidogo kwa dakika moja, kisha humrudishia hewa ya kawaida, tena na tena, mara kumi na tano. Anasema mwili ukipata kashikashi ndogo kama hiyo, mishipa iliyobaki huamka, ndipo humsimamisha na kumtembeza. Hakuahidi kumponya. Lakini siku ya nne mama yako alivuka chumba kwa fimbo moja, yeye wa fimbo mbili.

Siku ya tano ukaja wewe na viatu vya kazini. Ukaona kibanio kidoleni mwake, namba zinashuka, mashine inalia. Najua ulichokiona. Uliona tangi. Ulimwona mwenzako aliyefia humo mwaka juzi kwa kukosa hewa, kipimo chake cha hewa kikilia vilevile, na huko kwenu sheria ni moja: mtoe mtu kwanza, uliza baadaye. Basi ulimtoa. Uling'oa barakoa ikamchana sikio. Ukampiga mtaalamu kwa kiti cha chuma, taya likalia kama kuni kavu, meno mawili yakaruka mpaka chini ya kitanda. Damu ilifika ukutani, nawe ukaendelea. Mtu akakuvuta shati kwa nyuma, ukampa kiwiko bila kugeuka, ukatoka mbio. Nasikia unajisifu kuwa ulimwangusha hata mlinzi.

Hakukuwa na mlinzi. Aliyekuvuta shati ni mama yako. Alishuka kitandani akaja hatua tano bila fimbo yoyote, nilizihesabu. Miaka mitatu hajafanya hivyo. Ukamvunja pua. Watu anawaambia kaanguka.

Mtaalamu kafungwa taya kwa waya, anaongea kwa kuandika. Kaandika kwamba polisi hatakwenda, na siku tano zilizobaki kati ya kumi atazimaliza, ila chumbani haingii mpaka uje umwambie usoni kuwa hutamgusa tena. Mwingine anayeijua mashine ile hakuna. Na miguu ya mama yako imeanza kukakamaa.

Sasa langu. Mtaalamu alipokimbilia mlango akaukuta hausogei, unadhani ulijifunga wenyewe? Niliuegemea mimi, kwa nje, kwa mgongo. Siku ya kwanza aliponieleza mambo ya hewa nilijibu nimeelewa, na sikuelewa kitu. Niliona haya kuuliza mbele ya mtu niliyemzidi umri mara mbili. Ndiyo maana uliponiuliza pale mlangoni, "Bibi, wanamfanya nini mama?" nikakujibu, "Wanamnyima hewa." Nilitaka apigwe. Alikuwa akiugonga mlango kwa kiganja, karibu na sikio langu, akiniita mama, nami nikakaza mgongo mpaka alipoacha kugonga, ndipo nikaufungua nikamwona mama yako akishuka kitandani. Hayo maelezo ya juu nimemwomba juzi aniandikie. Nimeyasoma mara saba. Kuhusu mlango bado hajui nilikuwa mimi.

Mama yako anakusalimu, sauti yake inapitia puani. Ni mimi bibi yako, yule uliyeapa ukiwa na meno ya utoto kuwa utamwoa.

Usijibu barua hii. Jumatatu asubuhi uwe hapa, viatu vya kazini uviache nje. Utasema wewe kwanza, kisha nitasema mimi. Ukimaliza, kaa kwenye kiti kilekile, mshike mama yako mkono, na namba zikianza kushuka, usiinuke.