Myrtil Netter, Aliyeshushwa Katikati ya Laana

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu Jumanne ile mchana ulipoweka kijiko kando ya sahani ya supu na kumwambia Mama kwamba utaimalizia baadaye. Mama aliifunika sahani kwa kitambaa. Mpaka leo hajakubali mtu mwingine aile supu katika sahani hiyo.

Wasiokufahamu waambiwe hivi: ulikuwa fundi magodoro, hapa kwetu Alsace, mashariki mwa Ufaransa, miaka arobaini na minne katika chumba kimoja mtaa wa Watengeneza Ngozi. Sindano yako ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto. Ulichambua sufu kwa vidole, ukaipepeta, ukaijaza, ukashona pindo kwa uzi wa katani, na mteja alipouliza kama godoro litadumu ulimjibu, "Litakushinda wewe." Ulipenda kusema kwamba nusu ya mji huu umeilaza wewe, na nusu iliyobaki inalazwa na hotuba za rabi. Rabi mwenyewe alicheka. Alikuwa analala kwenye godoro lako.

Na siku ya Sabato, katika sinagogi, ulikuwa msomaji wetu wa Torati. Miaka ishirini na minane. Alhamisi ulifunga mlango wa karakana na kuimba sura ya wiki hiyo huku ukishona, ili mdomo uizoee. Sisi watoto tulijua ni wiki gani ya mwaka kwa wimbo uliokuwa ukitoka ndani ya sufu.

Kuna sura mbili katika mwaka ambazo hazina wapenzi. Ndani yake zimo laana: maradhi, njaa, kukimbia bila kukimbizwa na mtu. Husomwa kwa sauti ya chini na kwa haraka. Kwa desturi yetu mwanamume mmoja huitwa kusimama kando ya gombo la Torati wakati msomaji anasoma, na ni heshima kuitwa. Isipokuwa hapo. Laana zikikaribia, kila mmoja anakumbuka kwamba kiatu chake kimelegea kamba. Basi ulijiita mwenyewe. Ukasoma na ukasimama, peke yako, mara mbili kila mwaka, ili asiwepo mwingine wa kuogopa.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikuuliza kama huogopi.

"Naogopa kusahau wimbo," ulisema.

"Laana je?"

"Laana zina sheria, Élise. Ukishazianza huruhusiwi kuzikata. Mtu mmoja anazibeba toka mwanzo mpaka upite ule mstari ambapo Mungu anasema atakumbuka agano lake. Hapo ndipo unapumua. Mimi nafikiria ule mstari tu, hayo mengine ni njia."

Kisha ugonjwa wa kutetemeka ukakuingia. Ulianza na sauti, kabla ya mikono. Watu wa safu za nyuma wakalalamika kwamba hawakusikii, nawe ukawaambia waje mbele, nafasi zipo tangu siku ya kwanza. Lakini nyumbani ulimwambia Mama, "Imebaki sura ya laana. Ile inataka sauti ndogo. Ile bado naiweza."

Mwaka juzi, Sabato ya mwisho ya kitabu cha Walawi, ulipanda zile ngazi tatu za jukwaa la kusomea na kijiti chako cha fedha cha kufuatia mistari mkononi. Mimi na Mama tulikuwa juu, kwenye roshani ya wanawake. Sehemu za mwanzo ulizisoma vizuri. Ukaingia kwenye laana. Ukasoma mistari kadhaa, kijiti kikaanza kucheza juu ya ngozi ya gombo, ukapoteza mahali. Mtu akakunong'oneza neno. Ukalirudia, ukaendelea, ukakwama tena. Mama alinishika mkono. Haikuwa muda mrefu. Nimeuhesabu mara nyingi tangu hapo, na nasema haikuwa muda mrefu.

Ndipo Fernand Geismar, mwenyekiti wa jumuiya, rafiki yako tangu mkiwa na suruali fupi, akaweka kiganja chake kwenye meza, mbele ya mkono wako.

"Myrtil, teremka," alisema. "Inatosha, ndugu yangu."

Ulisema kitu. Hatukukisikia kutoka juu. Baadaye ulituambia ulisema, "Fernand, tuko katikati."

Akainuka mgeni kutoka safu ya tatu, msomaji wa kulipwa kutoka Strasbourg, shali ya sala tayari begani. Alipanda, akachukua kijiti, na hakutafuta mahali. Alijua mahali. Alikuwa ameiandaa sura nzima. Usiku wa Ijumaa alikula kwa akina Geismar, akalala kwao, kwenye godoro ulilolishona wewe. Na Alhamisi, Baba, siku mbili kabla, Fernand alikuwa mezani kwetu. Alikula samaki wa Mama wa mchuzi wa kijani, akaongeza, akakusifia wimbo uliokuwa ukiufanyia mazoezi karakana. Alijua tayari, na akaomba mkate wa kupangusia mchuzi.

Uliteremka ngazi tatu ukishikilia ukingo. Ukakaa kiti cha karibu na mlango, pale makoti yanapotundikwa. Mstari wa kukumbuka uliusikia ukisomwa na mtu mwingine, kwa sauti nzuri.

Njiani kurudi uliuliza, "Alimaliza vizuri?"

"Vizuri, Baba."

"Afadhali."

Nilikukasirikia kwa neno hilo. Leo nakuomba radhi.

Mji ukaanza kusema. Katika duka la mikate nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba si ajabu, mtu akijitwika laana miaka yote hiyo, mwisho zitamkubali. Hakuniona. Nililipia mkate wangu, nikamwambia, "Nipe salamu nimpelekee, mama, au utazileta mwenyewe?" Akasema nina ulimi mrefu kama baba yangu. Nilishukuru.

Mwezi wa saba Fernand alikuja. Mara moja. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini, na kabla kahawa haijapoa akaanza kueleza. Alikuwa amekuepusha na aibu. Watu walikuwa wananung'unika. Na mateso, akasema, huwa yanakuja kwa sababu, kila mtu aipekue mienendo yake.

Mikono yako ilikuwa inapiga meza yenyewe. Ulisubiri itulie.

"Fernand," ulisema, "marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Hapo walikuwa watu wazuri kabisa. Wewe hujamaliza hata kahawa."

Alicheka, kwa sababu mmecheka pamoja maisha yenu yote. Wewe hukucheka.

Kisha ikaja ile Sabato ya Septemba, ya laana za pili. Hukuwa unasoma tena. Ulitaka kukaa tu, uzisikie. Wanaume wawili wa jumuiya waliahidi kupita kukushika mkono, mmoja kila upande. Saa tatu ulikuwa umevaa suti, viatu Mama amekufunga kamba, kofia kichwani. Saa nne ulikuwa bado umekaa.

"Twende, nitakushika mimi," Mama akasema. "Na Élise yupo."

"Wameahidi, Huguette. Tukiondoka watakuta mlango umefungwa."

Saa sita Mama alipiga magoti akafungua kamba za viatu. Ulimwangalia nywele zake kutoka juu, ukasema tu kwamba zinahitaji kukatwa.

Majira ya baridi hayo ndiyo tuliyosoma pamoja zaidi kuliko miaka yote. Adhuhuri baada ya adhuhuri, kiti chako dirishani, kitabu kwenye magoti yangu kwa sababu ya kwako hayakutulia. Nilikuja na maswali ya hasira. Nilitaka uniambie imeandikwa wapi kwamba watu hawa watalipwa. Ulinirudisha kila mara kwenye sura ile ile.

"Umeona kitu gani hapa?" uliniuliza siku moja.

"Naona adhabu."

"Mimi nimeisoma miaka ishirini na minane nikitafuta kwa nini. Kwa nini huyu anaugua, yule hapana. Haimo, binti yangu. Nimeipekua kama sufu, haimo. Kilichomo ni namna ya kuisoma. Sauti ya chini, ili usije ukayafurahia maumivu ya mtu. Na usimwache msomaji katikati. Ndilo jambo nililolipata. Si kubwa sana."

Nilisema ni kubwa. Ulisema, "Usinidanganye, nipe maji."

Sikukudanganya, Baba. Nimelitafuta kwa watu wenye vyeo na ndevu, sijalipata kwao.

Ulifariki mwaka jana, wiki ile ile ya laana za Walawi, siku nne kabla ya kusomwa. Tukakaa matanga siku saba, Mama, ndugu yangu Gaston na mimi, kwenye viti vifupi, vioo vimefunikwa. Na hapo wakaja wote. Walikuja na mayai ya kuchemsha, na keki za zabibu kavu, na wale wanaume wawili wa Septemba walikuja pamoja. Fernand aliingia akiwa na karatasi imekunjwa mfukoni. Tuliiona ncha yake. Alikuwa amekuandikia hotuba.

Desturi yetu ni kwamba mgeni haongei mpaka mfiwa aongee kwanza. Imetoka kwa Ayubu, wewe ndiye uliyetufundisha.

Mama hakuongea.

Alitazama mikono yake. Dakika kumi zikapita. Mtu akakohoa. Robo saa. Gaston akafungua mdomo, Mama akamgusa goti, akaufunga. Chumba kizima cha watu wanaojua kusema kilikaa na mayai yake, kimya, kwa dakika arobaini kwa saa ya ukutani. Wengine walianza kulia, na nadhani hawakujua wanalilia nini. Mwisho Fernand aliinuka, akagusa kwa vidole kijisanduku cha maandiko kwenye mwimo wa mlango, kama anavyofanya kila mtu, akatoka na karatasi yake.

"Leo wamekaa vizuri," Mama akasema mlango ulipofungwa.

Miezi iliyofuata jumuiya ilituandikia ikitaka kuweka bamba la shaba lenye jina lako kwenye meza ya kusomea. Tulikataa. Tunasema hapa kwa nini, ili isisemekane kwamba tuna kiburi: hatutaki jina lako libaki pale ambapo wewe hukuachwa ubaki.

Lakini Gaston, Baba, yule aliyekimbilia Lyon na tangu akiwa na miaka kumi na mitatu hakulisogelea gombo, alichukua kanda zako za kaseti. Zile ulizorekodi karakana. Amezisikiliza mwaka mzima ndani ya gari. Katikati ya laana za Walawi unasikika ukisema, "Subiri, nimejichoma," kisha unaendelea. Gaston anasema alipofika hapo alisimamisha gari kando ya barabara. Jumamosi hii atasoma yeye. Rabi amekubali.

Jumapili iliyopita simu ililia. Mama aliipokea, nami nilikuwa karibu.

"Huguette, ni mimi, Fernand. Naomba niitwe mimi kwenye laana. Nisimame kando ya Gaston."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimshusha."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote wa jumuiya hii kulitamka neno hilo. Hadi siku hiyo walisema ulipumzishwa.

"Gaston si baba yake," Mama akasema. "Anasoma polepole. Atakwama."

"Nitangoja."

"Sikukuuliza, Fernand. Nakwambia. Akikwama utangoja. Mkono wako utakaa kwenye nguo yako, si kwenye meza. Na hutashuka mpaka mwisho wa laana upitwe."

"Ndiyo, Huguette."

Nilimlaumu Mama nusu siku. Nilisema amempa mtu yule heshima. Akanijibu kwamba wewe ulisimama pale miaka ishirini na minane na hakuna aliyeiona kuwa heshima, basi na yeye akasimame aone. Mimi sijamsamehe, Baba. Naliandika hili hadharani kwa sababu unajua sipendi kunong'ona. Lakini nitakuwa pale juu roshanini, na nitamwangalia akisikia kila neno. Na Gaston akikwama, nitakaa kimya.

Wanaokukumbuka ni mjane wako Huguette. Mwanao Gaston na mkewe Mireille. Binti yako Élise. Wajukuu wako Tobie na Salomé, ambao bado wanagombania kulala kwenye godoro lako. Na dada yako Berthe, anayesema ulikuwa mbishi tangu tumboni.

Ulitolewa pale kabla ya kufikia mstari unaosema "nitakumbuka". Jumamosi, mwanao ataufikia. Wengine wasipousema, tutausema sisi, kwa sauti ya chini, kama ulivyotufundisha, nasi hatutakuacha katikati: tutakukumbuka, Baba, daima.