Maji ya Nyuma ya Nyumba

Mwanza,
12 Agosti 1979

Kwako Dada yangu Verediana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nafuu, na kwamba kikohozi cha Mama kimepungua sasa kwa kuwa mmemaliza kupura maharage. Mfikishie shikamoo yangu na umwambie kuwa nimekula, maana najua ndilo swali lake la kwanza. Mimi ni mzima wa mwili. Chuoni tunakula ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano, siku saba kwa wiki, tukiambiwa tujinyime kwa sababu ya gharama za vita, na tumejinyima kweli. Je, shemeji Anatoli ameandika? Hapa mgambo wameanza kurudi kutoka Uganda, na kila lori lao likipita nasimama kando ya barabara kuwatazama nyuso mmoja mmoja, mpaka wenyewe wananicheka. Sijamwona bado, lakini sijaacha kutazama.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Uliniambia mambo mawili: kwamba uliteleza kwenye mteremko na ndoo kichwani ukateguka mkono, na kwamba pampu ya maji tuliyokuwa tukiitarajia wamepangiwa wenzetu wa ng'ambo ya kilima. Ukaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, kama nimesikia kwa nini sisi tumerukwa. Unanijua, Dada, mdomo wangu hauhitaji kusukumwa. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu jibu ninalo, na linaanzia kwenye ile sinema.

Unakumbuka Desemba nilipokuja na Leonsia, mwenzangu wa chumba, tukiwa na kamera ya chuo. Mwalimu Malongo, anayetufundisha kazi hii, alikuwa amempa kila jozi ya wanafunzi mikanda mitatu, akatutuma tuonyeshe maisha ya kijiji cha ujamaa. Mkanda mmoja haufiki dakika tatu. Kamera yenyewe hujazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani, na baada ya nusu dakika inalala, unaijaza tena. Nilikuwa nimetamba mbele ya darasa zima kwamba kwetu Nyakisasa nitaleta sinema itakayowafunga midomo watu wa mjini. Kutamba ni rahisi kuliko kujaza kamera.

Mkanda wa kwanza aliumaliza Mzee Nyandwi. Nilimwomba alime kama anavyolima siku zote. Akaenda kwake, akarudi na koti la harusi na viatu, akasimama wima na jembe begani, hata kope hazichezi. Leonsia alimsihi ajongee. Mzee akajibu kwamba tangu alipokuwa kwao Burundi hajawahi kuharibu picha ya mtu kwa kutikisika, na hataanza uzeeni. Wengine walimwiga, wakapanga mstari kama wanasubiri kupigwa picha ya ubatizo. Mkanda wa pili niliuua mwenyewe: kamera ilikwama, nikaifungua juani nione kuna nini, na mwanga ukaila kwaya yote pamoja na hotuba ya mwenyekiti. Mwenyekiti bado ananiuliza lini atajiona. Tafadhali usimwambie.

Ukabaki mkanda mmoja, na nilitaka maji. Wewe unajua kwenda bondeni na kurudi kunakula asubuhi nzima, nami nilikuwa na dakika tatu. Ndipo nilipokuambia uchote kwenye mtungi wa jikoni, uzunguke nyuma ya nyumba, kisha utokee na ndoo kichwani. Uliniuliza kama watu hawatadhani kwamba maji yako hapo hapo nyuma ya nyumba. Nikakucheka. Nikasema hao ni watu waliosoma, wataelewa. Ukavaa kitenge chako cha kanisani, kwa kuwa hukutaka wageni wasiokujua wakuone na nguo ya shamba, na kwa kuwa mgeni haonyeshwi shida za nyumbani. Ukatokea ukitabasamu. Ulipendeza sana, Dada, na hilo ndilo lililoniponza.

Mwezi wa Mei tulipeleka sinema zetu bomani Ngara, viongozi wa wilaya wakaalikwa. Picha hazina sauti, kwa hiyo kila mwanafunzi alisimama kando ya kitambaa cheupe cha kuonyeshea akaeleza ya kwake. Ulipotokea nyuma ya nyumba, ukumbi mzima ulipiga makofi. Sitakuficha, nilijiona mrefu kuliko wote mle ndani. Darasani Mwalimu Malongo alishatuambia kwamba mtazamaji hana njia ya kujua kile ambacho hatukumwonyesha, na kwamba hatua ukiikata kwenye mkanda, kwake yeye umeikata pia barabarani. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, na sikukufikiria hata kidogo.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mwanzo wa barua. Katika safu ya pili alikaa Bwana Ngeleja, mhandisi aliyepewa kazi ya kupendekeza pampu moja iwekwe wapi kati ya vijiji viwili, chetu na kile cha ng'ambo. Sinema ilipokwisha alisimama na kalamu mkononi, akaniuliza kwa upole yule mama anayafuata maji umbali gani. Ningeweza kumwambia ni mwendo wa saa nzima kushuka, na kupanda ni zaidi. Lakini siku ile sinema zilikuwa zinashindanishwa, na ya kwangu ilikuwa inaongoza. Ningesema kweli, wangejua kwamba nilikuigizisha. Nikamjibu kwamba si mbali. Akaandika. Mimi nikapewa cheti cha kwanza, na ninyi mkakosa pampu. Hakuna siasa hapo, wala mwenyekiti hakuzembea kutusemea. Ni mimi. Mkono wako pia ni mimi. Naona aibu, Dada, na sikuombi uniambie kwamba si kitu.

Ila sikukaa na aibu tu. Barua yako ilipofika, kesho yake nilimweleza Mwalimu Malongo kila kitu. Akaniomba cheti akakirudisha kabatini, nikaona ni haki. Halafu nilimwandikia Bwana Ngeleja. Jibu lake limekuja juzi: pampu bado iko stoo kwa sababu saruji haijapatikana, na kamati itakaa tarehe 14 Septemba. Lakini yeye hawezi kwenda kubadilisha pendekezo kwa maneno ya mtu aliyekwisha kubadilisha maneno yake mwenyewe. Akataka nimpelekee kitu cha kuonekana kwa macho. Neno hilo lilinichoma, nikamshukuru. Mwalimu amenipa mkanda mmoja uliopitwa na muda, akisema mwingine hautapatikana mwaka huu, fedha za kigeni hakuna.

Kwa hiyo sina nafasi ya kukosea tena, na sitakosea. Nimepiga hesabu usiku na mchana. Nitapiga vipande vifupi vya sekunde kumi kumi: mlangoni jua likichomoza, kwenye mteremko ulipoanguka, foleni ya ndoo kule bondeni, pumziko la kwanza, la pili, la tatu, na mlangoni tena jua likiwa utosini. Vivuli vyenyewe vitawasomea saa. Hakuna atakayeambiwa atabasamu. Chemchemi ya wenzetu wa ng'ambo nayo nitaipiga, pamoja na njia yao yote, ili kamati ione shida za pande zote mbili. Ikiwaona wao wamezidiwa kuliko sisi, nitanyamaza, lakini safari hii iamue kwa kweli.

Tunaondoka Jumatatu tarehe 20. Basi la Biharamulo likikosa mafuta tutadandia malori mpaka Nyakanazi, na hapo tutasubiri jingine hata siku mbili. Usinijibu, barua haitanikuta. Kama una hasira, niwekee, nitakuja kuipokea mwenyewe. Sikuombi uigize tena wala ujitwike chochote na mkono huo. Leonsia atashika kamera. Ndoo nitaibeba mimi, ile kubwa, mpaka bondeni na kurudi, bila kukata hatua nisiyoitembea. Bwana Ngeleja akiniuliza tena ni umbali gani, nataka shingo yangu ndiyo imjibu.

Wabusu watoto, na uwaambie mama yao mdogo anakuja mikono mitupu. Mungu awatunze mpaka nibishe hodi.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Deodata