Waridi la Jaani

Alhamisi, 6 Machi

Insha za Kidato cha Tatu bado zimejaa mezani. Katika kila insha jua linachomoza kwa madaha na machozi yanatiririka njia mbili mbili. Nawapa alama tu. Ndivyo nilivyowafundisha, kwamba insha bila tamathali ni mboga bila chumvi.

Mutua, mdogo wangu, amepita hapa kwangu Shauri Moyo na mchumba wake Wambui. Huyu msichana huniita Shem, na hunitania sana. "Shem, leo umemwaga tashbihi ngapi?" Nampenda kwa hilo.

Jumamosi tunaenda kwao Njiru kujitambulisha. Wao Wakikuyu, sisi Wakamba, kwa hivyo mazungumzo ni Kiswahili na msemaji ni mimi. Mjomba Kyalo ndiye mkubwa wetu, lakini wote wamesema nani atamshinda mwalimu wa Kiswahili. Nikajifanya kukataa. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 7 Machi

Hotuba tayari. Desturi ni kuzunguka, huwezi kuingia kwa watu ukasema umekuja kuoa. Unasema umeona ua, au mbuzi wako amepotelea pale. Mimi nimeongeza methali, tashbihi, na takriri ya kufungia. Nimeisoma mbele ya kioo. Mwende, mke wangu, anasema ni ndefu. Nimemwambia abaki na mitumba anayouza soko la Gikomba. Akaendelea kukunja nguo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeaibisha ukoo mzima.

Tulipokelewa vizuri. Chapati, nyama, akina mama wa chama cha akiba cha mama yake Wambui wamejaa sebuleni. Mzee Kariuki, baba mdogo wa Wambui, akauliza wageni wanatafuta nini. Nikasimama. Nikasema tumeona ua katika boma hili. Wakapiga vigelegele. Ningekaa hapo hapo.

Sikukaa. Nikasema, "Tumelifuata waridi lililochipuka jaani!"

 Mtu akaweka kikombe chini.

Mama yake Wambui alifiwa na mume mapema. Amesomesha watoto kwa kuokota chupa na vyuma katika jaa la Dandora. Wambui alikuwa akienda naye siku zisizo za shule. Mutua aliniambia haya mwaka jana. Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijua na sikukumbuka, kwa kuwa nilikuwa nasikiliza sauti yangu.

Kisha nikafanya upumbavu wa pili. Nikaeleza. Eti ile ni sitiari tu, jaa hapo si jaa, wa kutazamwa ni waridi. Kwa sauti ile ile ya darasani. Nafikiri hata kidole nilikiinua. Wambui akaenda jikoni, hakurudi. Mzee Kariuki akasema kwa upole kwamba wageni wanaonekana wamechoka, watakuja siku nyingine. Hakuna aliyehitaji kuelezwa hiyo ni tamathali gani. Tukatafuta viatu vyetu mlangoni tukaondoka.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Mutua hashiki simu. Mwende hajasema "nilikuambia". Afadhali angesema.

Jumanne, 11 Machi

Mutua amekuja. Hakuketi. Wambui amemwambia asimtafute kwanza. Mama yake hataki hata kwenda kwenye chama, maana wenzake wote walikuwepo. Nikaanza kusema nia yangu ilikuwa njema.

"Bro, hukuwa unanisemea mimi," akasema. "Ulikuwa unajisemea."

Akaenda zake. Chai niliyomwekea imepoa mezani.

Alhamisi, 13 Machi

Leo marudio ya tamathali. Nikauliza mfano wa sitiari, darasa zima likaitika: waridi la jaani. Mfano wangu wa kila mwaka, nikauandika ubaoni kwa mazoea. Nikawauliza hilo jaa ni la nani. Wakadhani natania, wakacheka. Msichana mmoja wa dawati la nyuma hakucheka. Sikumwuliza anaishi wapi. Miaka yote hii nimeuandika mfano huo ubaoni nikiwa nimewapa mgongo. Nikaufuta, nikawaambia wasome kimya hadi kengele.

Jumamosi, 15 Machi

Mjomba Kyalo amenipeleka Njiru kuomba radhi. Sikubeba karatasi. Mama yake Wambui alitukaribisha, akatupa viti, mwenyewe akabaki amesimama. 

Nikasema, "Mama, nimekukosea. Nilijua kazi uliyofanya, nikaitumia kupamba maneno yangu. Nisamehe."

Sikuongeza kitu. Nilitamani kuongeza, Mungu anajua.  Mjomba akakohoa.

"Hapakuwa na waridi pale, Mwalimu," akasema. "Palikuwa na mtoto wangu."

Kisha akamgeukia Mjomba. Kijana hana kosa, akasema. Tuje Jumamosi ijayo, na msemaji awe mwingine. Njia nzima Mjomba hakunisemesha. Nilishukuru.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwomba Mwende msamaha kwa lile neno la mitumba. Akauliza neno gani. Nikalazimika kulirudia. Akasema alikuwa amelisikia, alitaka tu nilisikie na mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Njiru tena. Msemaji alikuwa Mjomba Kyalo. Kiswahili chake kimejaa Kikamba, amechanganya ngeli zote. Amesema tumeona ua katika boma hili, akaketi. Wamepiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Mama yake Wambui amecheka. Mutua amekubaliwa.

Mimi nilibeba kreti za soda, nikakaa karibu na mlango.

Wambui amepitisha chai. Mjomba Kyalo amemwita Mjomba. Mwende amemwita Dada, wakashikana mikono. Akafika kwangu, akainamisha sinia.

"Chai, Mwalimu."

Nikachukua kikombe. Nikasema asante.