Shija wa Kwenye Wosia

Kalemela, 14 Aprili 2024

Mdogo wangu Shija,

Mwangaluka. Hujambo wewe, na mama yako Nyamizi, na watoto? Mimi mzima, kifua tu kinanisumbua, na cherehani yangu inaenda.

Usishtuke kuona jina lako limekuandikia barua. Nilikupigia simu, nikasema "Mimi Shija," ukadhani unachezewa, ukakata. Basi karatasi hii, na dagaa kidogo wa watoto, nimempa Limbu, mchuuzi anayekuja mnadani kwenu.

Mimi ni mtoto wa Kwandu, mke wa kwanza wa baba. Mama alizaa Kulwa na Dotto, surua ikawachukua wote wawili, nikafuata mimi. Mama yako naye akazaa Kulwa na Dotto, ukafuata wewe. Kwa Msukuma anayefuata mapacha ni Shija, hapo hakuna kuchagua jina. Nimewahi kukubeba mgongoni, ulikuwa mzito huyo! Nilikuwa na miaka sita mama alipofukuzwa, tukaja huku ziwani. Baba hakutufuata hata siku moja.

Nimesikia amefariki mwezi uliopita. Nimesikia na wosia ulisomwa: ng'ombe ni wa Kulwa na Dotto, na shamba la mbugani "nampa Shija." Shija yupi, mdogo wangu? Tangu nisikie sili nikashiba.

Dada yako,
Shija


Zagayu, 2 Mei 2024

Kwako Shija wa Kalemela,

Salamu. Huku wazima. Dagaa wako nimemrudishia Limbu.

Baba alipooza miaka miwili. Nani alikuwa anamgeuza kitandani? Nani alimwosha, nani alimlisha uji kijiko kwa kijiko? Mimi na mke wangu Elina. Shamba hilo nalilima tangu nina miaka kumi, kovu la jembe ninalo mguuni. Leo kaburi halijakauka, linatokea jina huko ziwani linataka shamba! Msibani hukuonekana, kwenye wosia ndiyo unajua njia.

Hapa Shija ni mmoja, muulize yeyote. Usiniandikie tena.

Shija


Kalemela, 11 Mei 2024

Mdogo wangu mkali,

Mwadila. Natumaini hasira haijakuharibia afya. Kifua changu bado, namshukuru Mungu hivyo hivyo.

Msibani ningekujaje, nani aliniambia? Habari nilizipata siku ya tisa, kwa mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni. Nikalia mkasi ukiwa mkononi, kitambaa cha watu nikakikata vibaya.

Pole kwa kumuuguza. Nasema kwa moyo, na wivu nakuonea, maana ulimshika mkono. Mimi ninacho kitu kimoja tu cha baba. Siku ya kupeleka pamba alinipandisha juu ya mkokoteni, juu ya magunia, akasema, "Shija wane, kaa hapo uone dunia." Shija wangu. Miaka thelathini na nne ninaishi na neno hilo.

Nimeweka pingamizi Mahakama ya Mwanzo, tutasikilizwa tarehe 24 Juni. Shamba ulime mpaka uzeeke, sitalikanyaga. Ninachotaka ni isemwe mbele ya watu kwamba baba alipokaribia kufa alinikumbuka. Basi.

Dada yako,
Shija


Zagayu, 9 Juni 2024

Dada,

Mwadila. Kifua kinaendeleaje? Elina anasema utafune tangawizi mbichi asubuhi.

Barua yangu ile unisamehe. Niliandika nikiwa nimechoka na msiba, nimechoka na kila kitu. Safari hii dagaa tumepokea, watoto wamewamaliza.

Juzi nilimfuata Mzee Januarius, katekista, ndiye aliyemwandikia baba wosia. Nilitaka aje anisemee mahakamani. Tukaongea. Dada, nakuomba ufute pingamizi. Tugawane shamba nusu kwa nusu. Upande wa mtoni chukua wewe, ndio wenye rutuba. Tuandikishane kwa mtendaji wa kijiji, yaishe, mahakamani tusifike.

Usiniulize kwa nini. Nakuomba tu.

Mdogo wako,
Shija


Kalemela, 13 Juni 2024

Mdogo wangu wee,

Mwangaluka, mwangaluka tena! Kifua kimeachia, mwambie Elina namshukuru. Wewe je, unalala vizuri? Nina wasiwasi hulali, kwa hiyo nakupunguzia mzigo.

Nimekujua! Umekwenda kwa katekista kutafuta ushahidi wako, umerudi unanigawia nusu, tena ile yenye rutuba. Kama angekuambia ni wewe, ungenigawia? Baba alinitaja mimi, na wewe unaona vibaya kulisema. Usiogope, sikuchukii. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, wateja wakadhani nimepata wazimu. Alinikumbuka, jamani! Mzee yule kumbe alikuwa nami moyoni miaka yote.

Nusu siitaki. Nataka Mzee Januarius aulizwe, nisikie kwa masikio yangu. Nashona gauni la bluu la siku hiyo. Baba alipenda rangi gani? Sijui hata hilo. Niandikie.

Dada yako,
Shija


Zagayu, 27 Juni 2024

Dada,

Salamu nyingi. Ulifika salama? Gauni lilikupendeza. Baba alipenda bluu hiyo hiyo.

Nilivyosema mbele ya hakimu ndivyo ilivyo. Shija wa kwenye wosia ni wewe. Kwa kuwa sikubishana, Mzee Januarius hakuitwa, na ni afadhali. Mzee wa watu amechoka, anachanganya mambo. Usijisumbue kwenda kumshukuru, nimeshamshukuru kwa niaba yako.

Uniruhusu nimalizie kuchuma pamba iliyobaki, kisha shamba ni lako. Sisi tutakodi kwingine, usituwaze. Na usilie tena vile ulivyolia pale kwenye benchi, hata karani alishindwa kuandika.

Mdogo wako,
Shija


Kalemela, 28 Julai 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa Elina na kwa watoto. Mwilini sijambo.

Nilikwenda. Nilibeba jogoo na kitenge cha mke wake, sikutaka kumshukuru mikono mitupu. Mzee Januarius hachanganyi kitu chochote. Alikipokea kitenge, akanitazama, akageuzia maneno kwenye pamba. Nikambana mpaka akaniambia. Baba alipotaja shamba, yeye aliinua kalamu akamuuliza, "Shija yupi?" Baba akacheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa mzima, akasema, "Kwani wako wawili?"

Nimeumia, mdogo wangu, siwezi kukudanganya. Angenitaja kwa matusi ningeshukuru. Pale stendi Bariadi mabasi matatu ya huku yaliondoka, mimi nimekaa tu na jogoo wangu, maana Mzee alikataa kumchukua.

Kisha nikakuwaza wewe. Neno lile ulikuwa nalo wiki mbili kabla ya kesi. Ungelisema, shamba ni lako palepale. Ukasimama na shati lako lenye kiraka, ukalitoa shamba la jasho lako kwa mtu usiyemjua, ili asilisikie. Hata hiyo bluu sijui kama ni kweli. Usiniambie.

Ndani ya bahasha kuna barua yangu kwa hakimu, ina muhuri wa mtendaji wa huku: shamba la mbugani ni la Shija mtoto wa Nyamizi. Ipeleke wiki hii. Usinibishie, mimi ndiye mkubwa. Gauni nimelipunguza limfae binti yako Joyness, Limbu analo.

Kaburini siji, bado sijaweza. Njoo wewe huku, pamba ikiisha. Ukishuka Kalemela ulizia kwa Shija fundi cherehani. Watakuuliza jina lako, na ukilitaja watashangaa. Waambie tuko wawili.

Dada yako,
Shija