Sufuria ya Ndola

Jumapili, 1 Mei 1983

Sikukuu ya wafanyakazi, na mfanyakazi wangu mkuu anaumwa. Ndola, mbwa wangu. Siku ya tatu anaharisha maji matupu. Leo mlevi kapita uani na hakubweka! Viboko wakitoka ziwani kuja shambani, nani atawapigia kelele? Mwaka jana sikuwa na mbwa, wakala robo tatu ya mahindi yangu. Ya mwaka huu bado yana ndevu tu.

Lakini mimi si mtu wa hapa hapa. Nimefika Zambia mimi! Miezi saba mjini Ndola nilikuwa mpishi wa mbwa watatu wa mzungu wa mgodini. Mbwa wale walikuwa na daktari wao, wakati mimi jino liliniuma mpaka likaacha lenyewe. Daktari yule alinifundisha: tumbo likilegea, boga. Tumbo likifunga, boga hilo hilo. Menya, toa mbegu, chemsha bila chumvi wala mafuta, ponda, mpe vijiko vichache. Chumvi yenyewe iko wapi siku hizi?

Nimechuma boga moja. Mke wangu Fabiola kanitazama tu.

Jumanne, 3 Mei

Choo cha Ndola kimeshikana! Nimekitazama kama baba anayesoma ripoti ya shule. Kabweka mara mbili.

Kwenye foleni ya unga nimewapa watu habari zote. Kwamba mbwa wangu anapikiwa boga kila siku, na mbegu namkaangia, namsagia, minyoo kwisha. Hatibu, yule fundi cherehani, akauliza, mbwa anakula boga, wewe unakula nini? Nikamjibu, ndugu yangu, tumbo langu lilizoea wali wa Zambia, boga naliona hivi hivi tu. Watu wakacheka mpaka foleni ikapinda.

Unga uliisha wakiwa wamebaki watu sita mbele yangu.

Jioni nimeonja boga la Ndola. Kuonja tu. Daktari lazima aijue dawa yake.

Jumatano, 4 Mei

Nimeonja tena. Fabiola naye.

Jumamosi, 7 Mei

Niseme ukweli, daftari halina mdomo. Unga wetu uliisha tarehe 26 mwezi uliopita. Ndiyo maana mwanetu Katarina tumempeleka Bonga kwa bibi yake, kule kuna ng'ombe mmoja anakamuliwa. Majirani nimewaambia mtoto kaenda likizo. Likizo gani? Shule yenyewe hajaanza!

Hata kabla Ndola hajaugua tulikuwa tunashindia boga. Sasa tunapika sufuria moja. Mimi na Fabiola tunaanza, vijiko viwili, tunambakizia Ndola. Anakaa mlangoni anangoja. Amejifunza huyu! Sufuria hata iwe wazi, mpaka anione mimi nimetia kijiko mdomoni ndipo anasogea. Mama Ursula wa jirani akichungulia ua na kuuliza leo kuna nini, mama Katarina, mimi nadakia kwa sauti: Chakula cha mbwa! Chetu baadaye!

Leo Fabiola kaniuliza, baba Katarina, kula boga ni kosa? Nani asiyekula boga hapa Maisaka? Nikamwambia boga ni la kushikiza tumbo wakati ugali uko jikoni. Asubuhi boga, mchana boga, jioni boga, siku kumi na moja — mtu aliyefika Zambia! Akasema, Zambia hiyo haitujazi.

Nimechukua sufuria nikaenda kuiosha mwenyewe. Nadra hiyo.

Jumanne, 10 Mei

Mambo yameharibika.

Mzee Alois, mjumbe wetu wa nyumba kumi, kaja asubuhi. Nimemwamkia, kaitikia, lakini kiti kakikataa. Anasema jina langu limepelekwa juu. Redio siku hizi haina habari nyingine, walanguzi, wahujumu uchumi wanaoficha bidhaa. Na watu wanaulizana: anayempikia mbwa boga wakati watoto wa wenzake wanalala kwenye foleni, yeye mwenyewe kaficha magunia mangapi chini ya kitanda?

Nikacheka. Nikamwambia, mzee wangu, chini ya kitanda kuna mende, nao wanafunga mizigo wahame.

Hakucheka. Akasema, Konstantini, mdomo wako huo utakupeleka ndani.

Kuna mtu wa Singe alichukuliwa na Landrova wiki iliyopita kwa katoni mbili za sabuni. Mkewe bado hajui yuko wapi.

Alhamisi, 12 Mei

Wamekuja. Mgambo wawili na Mzee Alois. Wamepasua godoro. Wamechoma sakafu kwa nondo wakitafuta shimo. Wamepata mbegu za boga nusu debe na viatu vyangu vya Zambia. Ndola kawabwekea kwa nguvu zote, afya imerudi kweli — siku mbaya ya kupona!

Mgambo mkubwa akasimama katikati ya nyumba. Akasema, unga huna. Mahindi huna. Mchele huna. Boga umetangaza mwenyewe ni la mbwa. Haya, wewe na mama mnakula nini?

Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa yote. Neno moja tu, boga. Na domo langu lote hili! Nikasema: Tunakula kwa marafiki.

Marafiki gani?

Nikainama kuokota viatu vyangu vya Zambia.

Akaandika. Sasa anaamini magunia nimeyaficha kwa hao marafiki. Kesho saa tatu nifike ofisi ya kata na majina yao. Nisipoyataja, Landrova inanipeleka Arusha. Majina gani, Mungu wangu? Nimtaje nani asiye na kosa?

Fabiola alikuwa kasimama mlangoni kashika mwiko. Angeweza kusema yeye. Hakusema. Kanisitiri mbele za watu, na mimi nilimwacha anisitiri. Hilo linaniuma kuliko godoro.

Ijumaa, 13 Mei

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya kata. Saa nne sasa, bado hawajaniita.

Alfajiri Fabiola kachemsha boga, kafunga sufuria kwa kanga, kaweka vijiko viwili. Nikamuuliza, unapeleka wapi hiyo? Akasema, ni chakula chetu. Ukishindwa kusema utanikuta nasema mimi. Katarina hatarudi kutoka Bonga kuambiwa baba yake kafungwa kwa sababu ya boga.

Ndola katufuata. Nimemfukuza mara tatu, karudi mara tatu.

Hatibu yuko hapa, Mama Ursula yuko hapa, wameitwa waeleze walichosikia. Hatibu katazama kanga, akasema, bwana mkubwa, leo mbwa kaletewa chakula mpaka ofisini? Benchi zima likacheka. Mimi nilikuwa na jibu, zuri kweli. Nimelimeza.

Karani katokeza kichwa, kasema tuwe tayari.

Hatujatia kitu mdomoni tangu jana mchana. Fabiola kafungua kanga. Harufu imetoka. Watu wamegeuza shingo, kila mtu ana tumbo lake.

Ndola hakurukia sufuria. Amekaa chini, miguu pamoja, sufuria iko wazi mbele ya pua yake. Haiangalii. Ananiangalia mimi.

Mama Ursula kajishika mdomo. Hatibu anamtazama mbwa, ananitazama mimi, anahesabu vijiko. Kicheko chake kimekatika katikati. Kasema polepole, Konstantini... tangu lini?

Fabiola kanitilia kijiko mkononi. Kiko mkono wa kushoto, wa kulia una kalamu. Karani ameita jina langu. Ameita tena. Watu wote wananiangalia, na Ndola bado ananingoja nianze. Naweka kalamu chini.