Sikuisaini Karatasi ya Radi

Lamadi, Simiyu
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeachia, na kwamba baridi ya Makete haikulazimishi tena kulala na koti. Mama aliniambia unakohoa asubuhi tu. Sijui kama ni kweli au ananituliza. Mguu wake nao unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Huku ni joto, na upepo wa ziwani unaleta harufu ya dagaa mpaka kwenye mashuka ya wageni.

Naandika kwa sababu kwenye simu unaweka spika na nyumba nzima inaingia kwenye mazungumzo. Jumanne uliniambia, wote wakisikia, "Saini, mwanangu, uombe radhi, kazi ibaki." Nikajibu kwamba nimesikia. Baba, nilisikia, lakini sikusaini. Nataka ujue sababu kutoka kwangu, taratibu, bila mtu kunikatiza.

Unajua kazi yangu hapa hotelini ni umeme na bwawa la kuogelea. Bwawa hili haliendeshwi kwa mkono. Chini ya mteremko kuna chumba cha pampu, na ndani yake kuna sanduku linalowasha pampu na kupima dawa ya maji kwa saa zake. Mapokezi, ukutani, kuna kioo kidogo cha kugusa kinacholiamuru lile sanduku. Hakuna waya kati ya hivyo viwili. Vinawasiliana kwa mawimbi, kama redio. Aliyevifunga aliondoka kabla sijaajiriwa, akaacha kitabu cha maelekezo ambacho panya wamekula kurasa za mwanzo. Nilijifunza kwa zilizobaki.

Wiki mbili zilizopita ilikuja dhoruba kutoka ziwani, alasiri. Kanuni ni kwamba wingu likiwa jeusi ninashuka kuzima swichi kubwa ya chumba cha pampu. Nilishuka, nikazima. Nilikuwa nimevaa lile sweta jekundu alilonifumia Mama. Nikiwa narudi, radi ilipasua mahali karibu, sikuona wapi, na upepo ukang'oa paa la nyasi la chumba cha pampu, ukaangusha na kuta zake za mbao. Niliingia jikoni nikichuruzika maji. Mama Zuhura, mpishi wetu, akanitazama juu mpaka chini.

"Umetoka kwenye mvua na nguo nyekundu? Kwenu hawafundishi? Radi inapenda nyekundu."

"Mbona nyanya zako haijazipiga?"

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Lakini kufikia kesho yake mzaha ule ulikuwa umegeuka maelezo. Mlinzi aliwaambia wafagiaji kwamba radi ilimfuata yule dada wa sweta, ikamkosa, ikaingia kwenye mashine.

Umeme ulikatika siku nne. Katika siku hizo, Mzee Masanja, fundi seremala anayetoka Shishiyu, alijenga upya chumba cha pampu. Ni yeye aliyenipa michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, nilipofika hapa bila kumjua mtu, akanionyesha namna ya kuiloweka ilainike. Umeme uliporudi nilikwenda kuwasha kioo cha mapokezi. Kiliandika kwamba hakuna mawasiliano. Nikajaribu mara kumi, ikawa vilevile. Maji yalikuwa yamegeuka kijani kama mlenda, na wageni waliokuwa wanaelekea Serengeti walisimama ukingoni na taulo zao, wakarudi vyumbani.

Meneja akamwita fundi kutoka Mwanza. Yule bwana alibonyeza kioo mara tatu, akanywa soda, akasema radi imeunguza sanduku, kila kitu kibadilishwe. Hakushuka kwenye mteremko hata hatua moja. Kesho yake, yaani Jumanne, nilikuta karatasi mezani kwa meneja, imeshachapwa: "Mimi, Faraja, nakiri kwamba kwa uzembe wangu sikuzima swichi kabla ya dhoruba."

"Nilizima," nikamwambia.

"Nani alikuona?"

"Mvua."

"Dada, mimi sitanii. Wewe saini, tulimalize kiungwana. Usiposaini mpaka Ijumaa, tafuta basi la kwenu."

Ndiyo jioni ile niliyokupigia.

Jumatano nilishuka na mita yangu. Kama sanduku limeungua, kwa nini taa yake inawaka? Nikabonyeza kitufe cha kwenye sanduku lenyewe, pampu ikanguruma. Kitu kilichoungua hakiwashi pampu. Nikapanda kumwambia meneja. Akasema kama kioo hakilioni sanduku, basi sanduku limekufa, niache kulikoroga. Nikapima waya wa antena, mzima. Nikasafisha viunganishi, nikakaza kila skrubu. Alhamisi nilikaa mle ndani siku nzima nikitafuta kosa kwenye sanduku, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kuamini limo humo. Nikukirie jambo, Baba: kufikia mchana nilianza kujiuliza kama kweli niliizima ile swichi. Watu watano wakikuambia jambo lilelile, kumbukumbu yako mwenyewe inaanza kukuonea haya. Nilifumba macho nikaukumbuka mkono wangu kwenye mpini, baridi ya chuma, maji yakiingia kwenye mkono wa sweta. Nilizima. Nikaendelea.

Ijumaa asubuhi nilifanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Kile kioo kinachomoka ukutani na kina betri yake. Nilikichomoa nikashuka nacho, nikikitazama kila hatua. Kwenye ngazi, hakuna. Karibu na bwawa, hakuna. Nilipofungua mlango wa chumba cha pampu, mawasiliano yakarudi yote, pampu, dawa, taa, kana kwamba hayakuwahi kuondoka. Nikasimama pale nje. Upepo ukaubamiza mlango. Mawasiliano yakakatika. Nikaufungua, yakarudi. Nikaufunga kwa mkono wangu, yakakatika.

Ule mlango ni wa bati, Baba. Kuta ni bati, paa ni bati. Chumba cha zamani cha mbao na nyasi kilikuwa kinapitisha mawimbi. Mzee Masanja alikuwa amejenga kasha la chuma lisilo na tundu.

Nilimkuta anatengeneza kiti karibu na geti. Nikapiga goti kidogo, kama wanavyosalimia wakubwa huku.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mbona unahema?" akaitikia, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Nyumba uliyojenga imeziba mawasiliano. Bati halipitishi mawimbi."

Akaacha nyundo. "Ndiyo maana redio yangu ilikuwa inakoroma mle ndani. Nikanunua betri mpya. Nikamtukana na mwenye duka."

"Umejenga vizuri mno, mzee."

"Si niliambiwa upepo usilibebe paa tena? Nikaziba hata upenyo wa juu, ngedere wasiingie." Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Basi sasa mharibifu ni mimi."

Nilijua meneja atasema hivyohivyo. Tulishuka pamoja. Akatoboa ukuta, nikapitisha waya, tukaisimamisha antena nje juu ya nguzo ya mti, akaziba tundu kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nikapanda mapokezi, nikakirudisha kioo ukutani, nikagusa mara moja. Pampu ikasikika kutoka kule chini. Mama Zuhura alitoka jikoni na vitunguu mkononi, akasikiliza, akasema, "Kumbe sweta halina kosa." Nilimwambia aende akamwambie na mlinzi.

Meneja hakunipa hata pole. Alichana karatasi ya kwanza, akaandika nyingine palepale. Safari hii ilisema nathibitisha kwamba hitilafu ilitokana na uzembe wa fundi Masanja.

"Hii utaisaini, maana ni kweli," akasema.

"Si kweli. Alijenga alichoambiwa ajenge. Nani alimwambia kwamba mle ndani kuna mawimbi? Mimi sikumwambia. Wewe ulimwambia?"

"Mwenye hoteli yuko Bariadi, anataka jina."

"Mpe la upepo."

"Faraja, unajiharibia."

"Nipe karatasi tupu."

Niliandika ukurasa mmoja. Kwamba swichi ilizimwa. Kwamba sanduku ni zima. Kwamba bati liliziba mawimbi na hakuna aliyemtahadharisha fundi, nikiwemo mimi mwenye stashahada ya umeme, niliyepita mbele ya nyumba ile ikijengwa nikaisifia. Hiyo niliisaini, jina kamili, na nikamsomea Mzee Masanja kabla ya kuikabidhi. Jana meneja alikwenda nayo Bariadi na hajarudi. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, sijui kama utaendelea. Maji yameanza kuonyesha vigae vya chini.

Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu. Nilikuwa darasa la sita uliposaini kwamba magunia ya chai yalipotea stoo kwa uzembe wako. Sote tulijua hukuyapoteza. Ulisaini ili ubaki, na ulibaki, na kwa kazi ile nimesoma. Hilo silisahau na sitalidharau. Lakini nakumbuka pia kwamba tangu Jumapili iliyofuata uliacha kukaa mbele kanisani. Ulihamia benchi la karibu na mlango, ukawa unatoka kabla ya baraka. Hakuna aliyekuuliza. Mimi nilikuwa nahesabu vichwa nikitafuta cha kwako. Uliponiambia nisaini, nililiona benchi lile, na nikajua siwezi kukaa pale. Sikuhukumu, Baba. Wewe ulikuwa na watoto watano. Mimi nina nafsi moja na mita moja, naweza kukataa.

Mfikishie salamu shangazi Tumaini aliyenilea mlipokuwa shambani, na umwambie dawa yake ya kikohozi nimeipata. Mdogo wangu Isaya, aliye kidato cha tatu, mwambie fizikia ya mawimbi si ya kukariri, ataikuta hata kwenye bati. Bibi mzaa mama umsalimie karibu na sikio.

Na hili la mwisho. Jana Mama alinitumia ujumbe kwamba unaitafuta namba ya meneja ili umpigie uniombee msamaha. Najua unataka kuniokoa. Nakuomba kwa heshima yote ya mtoto kwa mzazi, usimpigie. Nikirudi Makete bila kazi, nitarudi kwa mlango wa mbele, mchana, na nitakusalimia nikikutazama. Na kama umeshampigia, Baba, mpigie tena, umwambie ulikosea, binti yako hana kosa la kusamehewa.

Ni mimi mwanao,
Faraja