Chumba cha Pili, Behewa la Nne

Alhamisi, 6 Novemba
Wamekuja tena. Wazee wanne wa klabu ya treni ndogo, jozi nne za viatu vya matope mlangoni, na Lothar mbele na keki yake ya tufaha. "Shemeji, kahawa ipo?" Kama kila Alhamisi kwa miaka ishirini na mbili. Mume wangu Eckart hayupo tangu Machi, lakini reli zake zipo chini, na hawa wanazifuata. Chumba chote cha chini ya nyumba ni reli — milima ya plasta, stesheni, daraja. Alizijenga humo humo. Mlangoni hazipiti. Ili zitoke, lazima zikatwe kwa msumeno.
Nilikusudia kuwaambia leo kwamba nahama. Nikakata keki.

Ijumaa, 7 Novemba
Ndugu yangu Gundula amepiga simu kutoka Rostock. Ile nyumba jirani na yake bado iko wazi. Vyumba viwili, hakuna ngazi. Mwenye nyumba anataka jibu kabla ya tarehe 28.
"Dada, unaogopa nini? Wazee wanne na treni za kuchezea?"
Nikasema siwaogopi. "Basi waambie!"
Rahisi kwake. Hajamwona Wendelin, mmoja wao, akishuka ngazi zangu, mkono ukutani. Mkewe yuko nyumba ya wazee na hamtambui tena. Aliwahi kuniambia wiki yake ina siku moja tu, Alhamisi. Mtu akishakuambia hivyo, unafunguaje mdomo?

Alhamisi, 13 Novemba
Balaa leo!
Tarehe 30, Jumapili ya kwanza ya Majilio, watu wa mji huja kutazama. Wanachongoja ni treni ya Eckart: mabehewa manane ya abiria, yenye taa ndani. Kila behewa lina kisimbuzi chake, kifaa kidogo kama ukucha kinachoshika namba yake na mwanga wa kila chumba. Unapiga namba kwenye kidhibiti, behewa hilo peke yake linawaka. Eckart aliyawasha moja moja, kama abiria wanavyoamka asubuhi njiani. La chakula kwanza.
Leo taa za behewa la sita zilikuwa zinapepesa. Lothar akasema dawa ni kukifuta kisimbuzi, kiandikwe upya. Kuna kipande cha reli cha kazi hiyo. Unaweka behewa moja. Moja! Yeye akasukuma treni nzima, akabonyeza. Yote manane yakafutika. Sasa yote yana namba ile ile, tatu, ya kiwandani. Taa zote zinawaka kwa pamoja, kali, nyeupe kama za hospitali.
Wendelin akasema, "Miaka arobaini umeendesha treni za kweli, hukugonga hata ng'ombe. Leo umeua treni nzima kwa kidole!"
Lothar hakucheka. Alikaa kwenye ngazi, kofia mkononi. "Shemeji, nisamehe. Ilikuwa kazi ya mikono yake." Nikamwambia hakuna kilichoharibika. Nikampa keki nyingine. Ndivyo nilivyo — mtu ananivunjia, namlisha.
Wanasema namba hazikuandikwa popote. Nilikusanya visahani. Zimeandikwa. Daftari la Eckart liko kwenye droo yangu, chini ya vitambaa vya meza.

Jumapili, 16 Novemba
Nimelisoma jikoni, kwa miwani yake. Sikuwahi kulifungua.
"Behewa 1, namba 21. Mwanga mdogo, mtoto amelala." "Behewa 6, namba 26. Bibi anafuma, aongezewe mwanga." Watu wa plastiki, wadogo kama punje ya mchele! Na aliwajali hivyo.
Halafu: "Behewa 4, namba 24. Chumba cha pili taa izimwe daima. Ni sisi."
Mwaka 1978, treni ya usiku ya kwenda Rostock. Taa ya chumba chetu ilikuwa mbovu. Hatukuwa tunajuana. Akamenya yai gizani, akanipa nusu, na maganda yake. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Sura yake niliiona tulipopita Berlin, kwa taa za stesheni.
Mara ngapi nilimwambia, Eckart, taa moja ya treni yako imekufa. Akajibu, iache.
Nikiwapa daftari, wataweza bila mimi. Nitakuwa huru. Lakini Lothar husoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kopo la kahawa.

Alhamisi, 20 Novemba
Wameniletea kidhibiti kipya, jina langu limebandikwa: ROSWITHA.
"Shemeji, tumekuchagua mwenyekiti. Tumepiga kura garini."
"Mimi sikugombea."
"Ndiyo maana umepita bila kupingwa!"
Wakapiga makofi. Nikasema asante. Asante! Mungu wangu.

Jumapili, 23 Novemba
Jumapili ya Wafu, siku ya kuwakumbuka marehemu. Nimempelekea Eckart matawi ya msonobari kaburini. Kabla ya leo hakuna anayewasha taa za Krismasi dirishani mtaani kwetu, kwa heshima. Nilimweleza yote, mvua ikinyesha. Hata alipokuwa hai hakuwa mwepesi wa kujibu.

Jumatano, 26 Novemba
Nimenakili namba kwenye karatasi safi. Namba na mwanga tu. Asubuhi nzima.
Kisha nikampigia Gundula nikasema ndiyo. Akalia. Mimi sikulia. Sasa nimekubali mambo mawili, uenyekiti na Rostock, yasiyokaa nyumba moja.

Alhamisi, 27 Novemba
Wako chini. Mimi jikoni, eti nachemsha kahawa. Karatasi nimewapa. Lothar anasoma, ishirini na moja, ishirini na mbili, na Wendelin anashangilia kila behewa likiwaka.
"Shemeji! La nne, chumba cha pili, hujaandika kitu! Tuwashe?"
Sikuandika, kweli. Kalamu ilisita hapo, nikaruka.
Nimepaza sauti: subirini, nakuja. Nitawaambia taa izimwe. Watauliza kwa nini. Nikianza kueleza yai lile sitaweza kuishia hapo, nitafika hadi Rostock, na Wendelin atakuwa ameketi pale pale, kitini pake.
Kahawa imechemka. Vikombe vitano kwenye sinia. Sijalinyanyua.
Ngazi zinalia. Lothar hakusubiri — naisikia karatasi ikichakarika mkononi mwake.